Mzee Mkanda Anapumzika, Basi Bado Linasubiri

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, saa kumi alasiri, msimamizi wa mabasi wa uwanja wetu wa ndege atavua fulana yake ya rangi ya chungwa, ataitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha madereva, na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne na kuchakaza filimbi tatu. Jina lake kamili linajulikana ofisi ya utumishi na kwa mkewe. Sisi wengine tunamwita Mzee Mkanda, na walioajiriwa juzi leo watajua kwa nini.

Alipoanza kazi, uwanja ulikuwa na ukumbi mmoja wa bati, mzani mmoja wa mizigo, ndege mbili kwa siku na basi moja la kwenda stesheni ya treni mjini. Leo tunapokea ndege kumi na nne, nusu yake kutoka nchi jirani. Mabasi ni matano, na teksi sitini zinapanga foleni bila madereva kukunjana mashati. Foleni hiyo ni kazi ya mikono yake, na ilimgharimu shati moja.

Utaratibu uliompa jina ulizaliwa na kosa. Katika mwaka wake wa kwanza alitupa jicho ndani ya basi, akaona limejaa vya kutosha, akapuliza filimbi. Basi likaondoka. Dakika tano baadaye akatokea mama mmoja akikokota sanduku lililotoka la mwisho kwenye mkanda wa mizigo. Alilikalia sanduku hilo saa mbili na nusu akingojea basi la ndege iliyofuata. Mzee wetu, wakati huo kijana mwembamba mwenye majibu, alimpelekea soda na kumshauri kwamba siku nyingine achangamke. Jumatatu alimkuta mama huyohuyo kwenye kiti cha mkurugenzi mpya wa uwanja. Mwenyewe husema alinywea hadi fulana ikampwaya. Hakufukuzwa. Aliagizwa jambo moja tu: asipulize tena filimbi kabla hajaona kwa macho yake mkanda umesimama.

Mkurugenzi yule alistaafu zamani, lakini agizo lake halikustaafu. Kila ndege ikitua, Mzee Mkanda hutoka kituo cha basi, huingia ukumbi wa wanaowasili na kusimama pale mpaka mkanda utulie. Wapakuzi wa mizigo, watu wasio na dogo, waliligundua hilo. Siku moja wakazungusha boksi tupu. Alimtafuta mwenye boksi ukumbi mzima, hadi mlangoni pa choo cha wanaume, huku abiria ndani ya basi wakitaka kumla mbichi. Walipokiri, alicheka sana. Kisha akawanunia wiki nzima.

Miaka miwili iliyopita ilikuja ratiba ya kompyuta: basi liondoke dakika arobaini baada ya ndege kutua, ili liwahi treni. Nakiri hadharani kwamba nilikuwa upande wa kompyuta. Mimi ndiye ninayekaa dawati la maelezo, na nilichoka kuwaambia watu kuwa basi litaondoka Mzee akiridhika. Naye alitii bila kelele. Ila kila basi lilipoondoka, aliwakusanya walioachwa na masanduku yao, akawapanga mbele ya dawati langu, akaniachia. Wiki ya tatu nilisalimu amri, nikamsaidia kuandika barua kwa uongozi.

Alipewa mwezi mmoja kujaribu. Kwa simu ya upepo aliwabembeleza wapakuzi waanze na mizigo ya abiria wa treni, akawatania, akawakumbusha lile boksi. Mwezi ukaisha, basi limesubiri mkanda kila safari, na hakuna abiria aliyeikosa treni hata mara moja. Uongozi ukakubali, kwa sharti kwamba akistaafu jambo hilo litaangaliwa upya. Sharti hilo lilimkosesha raha. Aliniambia haogopi kustaafu. Anaogopa kusikia filimbi inapulizwa kwa saa.

Tena mrithi wake ni mtu wa saa kwelikweli: dada aliyekuwa dereva wa basi namba tatu, ambaye hajawahi kuchelewa hata kwenye harusi yake. Mzee alimfundisha miezi sita. Dada alisikiliza, akaitikia, na hakuahidi kitu.

Mwezi uliopita Mzee alichukua likizo, akamwachia dada filimbi, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, kumwona binti yake aliyejifungua. Ndiyo, miaka thelathini na minne uwanjani, hajawahi kuruka. Siku ya kurudi, sanduku lake likatoka la mwisho. Nilimwona amesimama mbele ya mkanda, anatazama saa ya ukutani: dakika arobaini zilipita, zikawa arobaini na sita. Hakunitazama. Alilitwaa sanduku, akatoka nje polepole kama mtu anayekwenda kupokea majibu ya hospitali.

Basi lilikuwepo. Dada alikuwa amesimama kizingitini mwa ukumbi, filimbi mkononi, macho kwenye mkanda. Abiria mmoja akatoa kichwa dirishani na kumgombeza: mzee mzima unachelewesha watu, huna haya? Mzee wetu akapanda akitoa meno yote nje na machozi yakimtoka. Hajawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Treni waliipata.

Wiki hii uongozi umebandika ratiba mpya kituoni. Chini yake kuna mstari mmoja: basi huondoka mkanda ukisimama. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na koleo letu hili hata halijavunjika, linakwenda kulea mjukuu.

Mzee Mkanda, asante kwa kila abiria uliyemfikisha na sanduku lake. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na maisha marefu yenye heri. Ukienda tena kumwona mjukuu, wakati wa kurudi usikimbie. Tutakusubiri.