Darasa la Bibi Mbwambo Mjini Nyeri

Mgeni rasmi, Profesa Kiwelu, Mkuu wa Kitivo cha Sheria. Profesa Ngatia, msimamizi wa mafunzo haya. Walimu wetu kutoka nchi tisa. Mabibi na mabwana:

Sisi wakazi wa Nyeri na miji ya jirani, tuliofundishwa katika ukumbi huu mwezi wote wa Agosti 1984, tunakusalimu kwa furaha. Umetoka Tanzania kwa barabara ambayo juzi tu ilikuwa imefungwa mpakani. Tunashukuru kwamba imefunguliwa, na kwamba umeitumia kuja kwetu. Baridi ya hapa isikutishe. Chai iko tayari, na wenzetu wa Kangari, wanaoilima, ndio walioileta.

JINSI TULIVYOPATA KUWA WANAFUNZI

Walimu hawa wa vyuo vikuu walikuja kujifunza namna ya kufundisha sheria ya haki za ubunifu, yaani ile inayomlinda aliyetunga wimbo, aliyebuni mashine au aliyeipa bidhaa yake jina. Ilibidi kila mmoja afundishe mbele ya watu. Kwa kuwa wanafunzi wa vyuo walikuwa likizoni, Profesa Ngatia alizunguka sokoni na makanisani akiomba watu waje kukaa darasani. Tukaja mafundi wa kushona, wakulima, wanakwaya, na mzee Mutahi ambaye hununua mbuzi huko Doldol. Tukisema ukweli, wengine tulivutwa na chai ya saa nne.

YALIYOMPATA BIBI MBWAMBO

Tungeweza kukusimulia habari za walimu wote. Tumechagua mmoja kwa sababu ni wa chuo chako. Bibi Tumaini Mbwambo ameketi pale mstari wa pili. Tulimwomba ruhusa, akakataa mara mbili, ya tatu akachoka.

Alikaa kwa Mama Wacera, mwanakwaya mwenzetu, huko Skuta. Siku ya somo lake la kwanza alivaa suti ya kijivu, akafungua karatasi zake, akaanza kusoma. Alisoma kwa Kiswahili kizuri mno, kile cha kwenu, na ndicho kilichotushinda. Hakuinua macho hadi mwisho. Mzee Mutahi alilala. Profesa Ngatia alipouliza tumeelewa nini, kila mtu alimtazama jirani yake. Mwishowe Mutahi, aliyekuwa ameamshwa na ule ukimya, akajibu:

"Mimi nimeelewa huyu mama amesoma sana. Lakini hiyo kitu amesoma, hapana."

Tulicheka. Bibi Mbwambo hakucheka. Profesa Ngatia alimwita kando akamwambia atampa nafasi nyingine Ijumaa, na kwamba asipofaulu, hataweza kumpendekeza aanzishe somo hili chuoni kwake. Jioni hiyo Mama Wacera alimkuta anapanga nguo ndani ya sanduku.

"Mwalimu, unaenda wapi na Ijumaa haijafika?"

"Narudi nyumbani, mama. Chuoni kwetu kuna mtu amesema sheria hii ni ya nchi zenye viwanda, sisi wakulima haituhusu. Nilikuja kutafuta jibu la kumpa. Leo nimeona hata mimi mwenyewe sina."

"Huyo mtu ni nani?"

"Ni mkubwa."

Mama Wacera hakuuliza zaidi, Profesa, na sisi pia hatujui jina lake hadi leo.

Alichofanya Mama Wacera ni kumwambia, "Basi weka hiyo sanduku chini, unisindikize kwaya. Leo kuna maneno huko." Ni kweli yalikuwako. Karambu, mwimbaji wetu kutoka upande wa Meru, alikuwa amegoma kuimba. Wahome, mwalimu wa kwaya ya kanisa la pili, alikuwa ameuchukua wimbo alioutunga Karambu, akaurekodi kwenye kaseti, na jina la Karambu halikuonekana popote. Tangu Pasaka kwaya hizo mbili zilikuwa hazisalimiani. Bibi Mbwambo aliketi nyuma akasikiliza. Aliporudi nyumbani alitoa nguo zake kwenye sanduku, akaomba pasi azinyooshe.

Alhamisi alikwenda kwa Wahome, akaenda kwa Karambu, akawauliza kama wangekubali jambo lao lizungumzwe darasani. Wote wawili walikubali, kila mmoja akiwa na hakika ya kushinda.

Ijumaa alikuja na redio ya kaseti tu, bila karatasi. Akatuchezea wimbo, akatugawa pande mbili, akasema, "Teteeni." Wahome ndiye aliyesimama kwanza.

"Wimbo ikishaimbwa kanisani ni ya Mungu. Sasa nitamuomba nani ruhusa?"

Nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Tulidhani mwalimu atamkosoa, lakini alisema, "Hiyo ni hoja nzuri. Nani ana jibu?"

Murugi, fundi wa kushona, akainuka. "Hata shamba ni ya Mungu, Wahome. Na wewe yako umeweka ua."

Kicheko kilipotulia, Bibi Mbwambo alimgeukia Karambu akamuuliza anataka nini hasa.

"Sitaki kitu yake," Karambu alisema. "Nataka jina yangu isemwe. Hiyo wimbo nilitunga nikiwa nimekaa na mtoto wangu hospitali."

Wahome alikaa chini polepole. "Hiyo sikujua," akasema.

Hapo ndipo mwalimu alipotueleza sheria inasema nini kuhusu mtunzi na wimbo wake, kwa maneno machache, nasi tukayashika yote maana tulikuwa tunayahitaji. Mzee Mutahi, akiwa macho kabisa, aliuliza kama alama anayoweka kwenye masikio ya mbuzi ni alama ya biashara. Bibi Mbwambo akasema hana hakika, ataangalia. Tulimpenda zaidi kwa jibu hilo. Nyuma ya ukumbi tulimwona Profesa Ngatia akifunika kalamu yake na kutabasamu.

MAFANIKIO

Bibi Mbwambo alifaulu. Kwaya zilizokuimbia ulipokuwa ukishuka kwenye gari ni zile mbili, zikiimba pamoja, na aliyetangaza jina la mtunzi alikuwa Wahome mwenyewe.

MATATIZO

Paa la ukumbi linavuja, kama mnavyojionea. Jambo zito zaidi ni kwamba hatukuona kitabu hata kimoja cha sheria hii kwa Kiswahili.

MAOMBI

Tunaomba mafunzo haya yarudi Nyeri mwaka ujao. Tunaomba walimu hawa waandike hicho kitabu, na wakiona neno gumu watuletee kwanza sisi.

Ombi la mwisho ni lako peke yako, mgeni rasmi. Utakaporudi, tunaomba umpe Bibi Mbwambo darasa. Lisiwe kubwa, liwe na viti na watu wanaobisha. Na kama yule mkubwa bado ana shaka, tunaomba umwambie aje akae nasi, tutampisha mahali pazuri karibu na dirisha. Sisi tulikuwa wanafunzi wa kwanza wa Bibi Mbwambo. Itatuuma sana tukiwa pia wa mwisho.

Mungu akufikishe nyumbani salama, akupe nguvu katika kazi, na awalinde walimu hawa wote wanapotawanyika kwenda makwao.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Majaribio, Nyeri