Donge Ndani ya Bakuli

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo. Mnaliona bakuli hili la maji. Natumbukiza ndani yake donge la udongo nililochimba asubuhi hii shambani kwangu. Asiliguse mtu mpaka nimalize.

Ndugu zangu, nawaambia bila kujificha, mimi nilikuwa mtu wa majivuno. Tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa, kila kaya ikapewa shamba lake pembeni ya lile la pamoja, nami nikaapa kwamba langu litakuwa safi kuliko yote hapa Mkata. Desturi yetu mnaijua: shamba lenye takataka ni aibu ya mwenyewe. Kila baada ya mavuno nilikusanya mabua, nikachoma, nikafagia. Ndiyo, nilifagia shamba! Mke wangu yule pale anacheka. Alikuwa akiniuliza kama nataka kutandika mkeka nilale humo.

Jirani yangu alikuwa mama mjane aliyetoka Kwamndolwa. Jina simtaji, ingawa naona mmeshageuza shingo. Yeye hakuchoma. Mabua aliyalaza chini, akachimba vishimo vya kupandia tu, na katikati akapanda kunde. Nikamsema kwa balozi wetu wa nyumba kumi kwamba ni mvivu na anatufugia panya. Sikuishia hapo. Nikamwendea na kiberiti, eti nimsaidie.

Akasimama mbele ya mabua yake. "Baba, choma lako," akaniambia. "Langu liache na nguo zake."

Nikarudi nyumbani nimenuna.

Mvua za kwanza zikaja. Kwangu maji yalikimbia juu kwa juu, mekundu, mpaka barabarani. Jua lilipotoka udongo ukawa mgumu kama sakafu, kisha mvua ikakata. Mahindi yangu yalikauka hayajafika hata magotini. Watoto wakawa wanakula muhogo mara moja kwa siku, na mimi siwezi kuwatazama. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga ya mama watoto, niende Korogwe kukata mkonge. Marehemu baba yangu alizeekea kwenye mkonge wa Wazungu. Tumepata uhuru, nimepewa shamba langu mwenyewe, na bado narudi kulekule! Iliniuma sana.

Njia ya kwenda kwenye basi inapita kwa yule mama. Mahindi yake yalikuwa ya kijani, jua lilelile, mvua ileile. Nikasimama pale na mzigo wangu kama mjinga. Akaniona. Hakunicheka, na nilistahili kuchekwa. Akafunua mabua, akaniambia nitie mkono. Vidole vikazama. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, una minyoo, unavunjika punje punje. Akanituma nikalete donge la kwangu, naye akachimba la kwake, akayatia kwenye mabakuli mawili ya maji. La kwangu liliyeyuka likawa uji kabla hatujamaliza kuulizana habari za watoto. La kwake likakaa.

"Huu weusi ni majani na mizizi iliyooza," akasema. "Ndio unaoshika udongo pamoja, ndio unaoshika maji. Wewe kila mwaka unaupeleka juu na moshi."

Ndugu zangu, nililia. Mtu mzima, mbele ya jirani niliyemchongea.

Nikafungua mzigo, nikaacha kuchoma, nikaanza kulima kama yeye. Msimu wa kwanza sikuvuna kitu cha maana, nikavuna vicheko vyenu. Wa pili maji yakaanza kuzama. Wa tatu, mnajua wenyewe, dari la jikoni lilijaa mahindi.

Namshukuru mzee mfugaji aliyekubali kupitisha ng'ombe wake pembeni ili mabua yangu yabaki. Namshukuru balozi, ambaye hakunisikiliza. Namshukuru mke wangu, aliyechimba vishimo na mimi huku akinitania. Na mama huyu, jamani! Hakukaa darasani hata siku moja, lakini akishika udongo anajua unaumwa nini, kama anavyoshika paji la mtoto. Mimi namvulia kofia.

Nawaomba jambo moja. Mabua ya mwaka huu msiyachome. Iacheni ardhi ivae.

Sasa mama yangu, sogea ulichungulie bakuli wewe kwanza. Lipo? Anasema lipo zima. Mama, rudia kwa sauti, na wale niliowaambia wewe ni mvivu wasikie.