Ibada za Kimya za Jerusha Mmbone

Usiku wa Alhamisi, tarehe 21 Septemba 2017, tulikaa tumeweka simu mezani, tukingoja habari kutoka hospitali moja ya Jeddah. Alfajiri Asumpta, rafiki wa Jerusha aliyekuwa naye huko, alipiga. Jerusha alikuwa ametutoka.

Jerusha Mmbone alizaliwa tarehe 14 Aprili 1988 hapa Chavakali, Vihiga, mtoto wa pili wa marehemu Zablon Aluda na mimi, Damaris. Alisoma hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2006. Shuleni ndipo alipojifunza kwamba Marafiki wa kwanza, walioanzisha kanisa letu la Marafiki kule Uingereza, hawakuwa na kwaya wala mhubiri. Walikaa kimya wakimngoja Roho. Asiposema kitu, walipeana mikono wakaenda nyumbani. Siku hiyo aliniuliza, "Mama, mbona sisi hatunyamazi?" Nilimwambia amenye viazi.

Mwaka 2009 aliolewa na Hezron Lugalia, wakajaliwa Stacy.

Tarehe 9 Februari 2014 alisafiri kwenda kufanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Huko hakukuwa na kanisa. Kila Ijumaa, madam wake akilala mchana, Jerusha alijifungia katika chumba cha kupigia nguo pasi, akanipigia simu, kisha asiseme neno.

"Jerusha, laini imekatika?"

"Niko, mama. Tunaabudu."

"Nani anaomba?"

"Hakuna. Tunangoja."

"Mpaka lini? Nina maharagwe motoni."

Alicheka. Ibada iliisha aliposema, "Sasa nafungua mlango." Sikuelewa ni ibada ya namna gani, lakini kila ikifika Alhamisi nilikuwa nimeanza kuitamani.

Alianza kuugua moyo Julai 2017, akalazwa tarehe 18 Septemba. Asumpta aliniomba msamaha. "Mama, sikumwombea. Maneno yalinikauka. Nilimshika mkono tu, tukanyamaza mpaka mwisho." Nilimwambia kwamba walikuwa ibadani.

Jerusha aliwahi kuniambia kwamba siku yake ikifika, tunyamaze kwanza ndipo tuimbe. Mchungaji wetu Laban aliogopa. "Watu watasema tunaficha kilichomuua huko Saudia." Hatufichi. Ni moyo. Tutanyamaza.

Ameacha mume, binti, mama, kaka yake Elijah na dada yake Maureen. Apumzike katika amani aliyokuwa akiingoja.

Mlango wa kanisa umefungwa. Stacy, mwenye miaka saba, amekaa kando ya mlango huo. Ataufungua atakapoona ni wakati. Tafadhalini, msimharakishe.