Mama Zaituna Aliyenisemea kwa Karani

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Shule niliishia ya msingi, na naandika polepole. Kusimama mbele ya kanisa siwezi. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Mama alinileta Kigali, Rwanda, nikiwa mgongoni, serikali ikaturuhusu kukaa mtaa wa Biryogo kama wageni wakazi. Miaka yote niliandikwa kwenye kitambulisho chake. Nikakua, nikatakiwa niwe na changu. Ndipo vita ikaanza mpakani, bariyeri za askari zikawekwa barabarani, na bila kitambulisho hupiti.

Wakati huo mama alikuwa Masaka, nje ya mji, kwenye kishamba tulichokodi. Ikaja habari kwamba anaumwa, hawezi hata kujitekea maji. Nikaenda mbio, askari wakanirudisha. Ndugu zangu, nililia!

Nikaenda ofisi ya komini, wanakotoa vitambulisho. Karani aliniuliza kwa Kinyarwanda, nami kwa woga nikajibu kwa Kiswahili.

"Unakaa wapi?"

"Biryogo."

"Jina?"

"Yohana."

Akacheka. "Mswahili wa Biryogo aitwe Yohana? Umeliiba wapi? Nenda, urudi na jina lako la kweli."

Maana hapa mjini, kijana wa Biryogo akisema Kiswahili wanajua ni Mwislamu tu. Na kitambulisho cha mama, chenye jina langu, kilikuwa naye huko Masaka. Nikarudi nyumbani.

Nikaomba: Bwana, mimi kinywa sina, nitafutie mwenye kinywa.

Jirani yetu Mama Zaituna, anayeuza sambusa karibu na msikiti, alinikuta nimejikunja mlangoni kwetu. Nikamweleza. Akafunika sambusa zake, akajitanda mtandio, akanishika mkono kama mtoto mdogo mpaka komini.

"Karani mwanangu," alisema, watu wote wakageuka, "huyu ni Yohana tangu mama yake amlete. Kila Ramadhani anakula futari yetu, anashiba, na kusilimu hataki! Ningeweza kumpa jina lingine, si ningempa zamani?"

Watu wakacheka, karani naye akashindwa kujizuia. Akamwambia Mama Zaituna aweke dole gumba awe shahidi wangu. Haleluya! Baada ya siku chache nikapewa kitambulisho.

Nikapita bariyeri. Nilimkuta mama mkekani, midomo imekauka. Nikamtekea maji, nikampikia uji. Alipopata nguvu kidogo akataka kuiona picha yangu kwenye kitambulisho.

"Mbona umenuna hivyo, baba?" akasema, akaifuta vumbi kwa kanga yake. Leo mama anatembea, analima!

Ndugu zangu, nilidhani Bwana atanijibu kwa mtu wa kanisani kwetu. Alimtuma mama anayesali msikitini, na namshukuru Bwana kwa ajili yake. Wewe unayeshindwa kujisemea mbele ya wakubwa, mtegemee Yeye. Atakupa mtu.

Niandikieni kupitia wazee wa kanisa, nitajibu kila barua hata nikichelewa. Mniambie mama zenu wanaendeleaje, tuwaombee.