Spika za Nyumba ya Udugu Zilivyonyamaza

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, katika mji mdogo wa chuo huku Kentaki, na kila Jumamosi asubuhi tunakaa wanne na chupa moja ya kahawa. Jenereta alikuwa fundi umeme. Pango alipotea mapangoni siku mbili ujanani na hajaacha kusimulia. Shahidi aliitwa mahakamani mara moja tu, akalala. Mimi wananiita Shemasi, ingawa ushemasi niliuacha kwa aibu nitakayoitaja. Ng'ambo ya barabara iko Nyumba ya Udugu, ambako wavulana wa chama kimoja cha chuo huishi na kufanya pati za kutetemesha vioo vyetu. Jirani yake ni ukumbi wa mawe ambamo Bi Ardith Pruitt ameongoza uimbaji wa Ijumaa jioni miaka arobaini. Si kwaya ya kuwaimbia watu. Viti vinapangwa pande nne vikitazamana, kila sauti na upande wake, anayetaka anasimama katikati na kupiga mapigo kwa mkono. Kiti cha msikilizaji hakuna. Tangu masika upande wa besi, ile sauti nene ya chini, ulikuwa mtupu, na Bi Ardith alitangaza kanisani kwamba ukibaki mtupu Ijumaa hii, anarudisha ufunguo wa ukumbi na mambo yameisha. Ijumaa yenyewe ilikuwa jana.

— Saa tatu kamili usiku, akaanza Jenereta. Spika za Nyumba ya Udugu zikakata. Pu! Nilikuwa kitandani, nikadhani nimekufa.

— Ungekuwa umekufa tungelala vizuri, akasema Shahidi. Ni polisi wale. Walikuja, wakawazimia muziki.

— Uliwaona?

— Sikuwaona. Lakini nathibitisha.

— Wee mzee, umeanza! Taa za nje zilikuwa zinawaka, sasa polisi gani wa kuzima muziki na kuacha pati? Ile ni fyuzi. Ukumbi ule na nyumba ile vinatumia waya mmoja, niliuvuta mimi kwa mikono hii. Watu wengi wakiimba kwa nguvu, joto linapanda, waya unalegea.

— Joto la midomo? akauliza Pango.

— La mapafu!

Pango akacheka mpaka kahawa ikamwagikia viatu.

— Ndugu zangu, chini ya mji huu ni pango tupu. Mimi nimelala humo, nalijua. Sauti ya besi inashuka kwenye jiwe, inazunguka huko chini, inatokea kwenye msingi wa nyumba ya jirani. Spika ikipigwa kutoka chini inachanganyikiwa. Haijui iimbe nini.

— Spika inachanganyikiwa! Umekunywa nini leo? akauliza Jenereta.

— Kahawa yako, ndiyo maana.

— Na hiyo besi ilitoka wapi? Shahidi akamkatiza. Upande ule una viti vitupu tangu mwezi wa nne.

Mimi nikaangalia kofia yangu. Nilijua kwamba besi ilikuwepo, maana nilikuwa nimeegesha pikapu nyuma ya ukumbi, kioo kimeshushwa, taa zimezimwa kama mwizi. Mungu anisamehe, nimefanya hivyo kila Ijumaa tangu masika. Jana ndani waliimba bila besi kama nusu saa, sauti nyembamba, unasikia jengo linavyoimeza. Kisha kukawa na kishindo cha viatu, mlango, vicheko, na besi ikaingia. Besi mbaya, ya kukosea kila mahali, lakini nene kama ukuta. Nililia ndani ya gari. Sikujua ni akina nani, na sikuthubutu kushuka nikatazame.

— Malaika, akasema Pango.

— Malaika hawakosei noti, nikaropoka.

— Na wewe Shemasi umejuaje kama walikosea?

Kabla sijatunga uongo, akaja msichana wa chuo akivuka barabara mbio, nywele timutimu, sauti imemkauka.

— Shikamooni wazee. Mimi Leta Combs, naimba na Bi Ardith.

— Marahaba mwanangu. Hebu tuamulie, akasema Jenereta. Ile ni fyuzi au siyo?

— Fyuzi ipi?

— Iliyozima spika za wale mabwana.

Leta akacheka mpaka akashika benchi.

— Walizizima wenyewe! Nilikwenda mlangoni kwao nikawaambia tuna viti kumi na viwili vitupu na bibi anayetaka kurudisha ufunguo. Wakaja ishirini na sita. Wengine walisimama. Watu themanini jumla, tumeimba mpaka saa sita, na Bi Ardith amevaa ufunguo shingoni, kasema atakayeuchukua amkate kichwa kwanza!

Benchi lilipiga kelele. Jenereta alimkumbatia Shahidi, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe.

— Ila hawajui kitu, akasema Leta. Wanapiga mayowe tu. Wanataka tena kesho jioni, na wanahitaji mtu mmoja anayejua, akae katikati yao wamsikilize. Nimewasikia kutoka ng'ambo mnabishana asubuhi nzima kuhusu uimbaji. Kwani ninyi mnaimba sauti gani?

Swali jepesi. Jenereta akachunguza kikombe. Pango akakohoa. Shahidi, shahidi wa kila kitu, akainama kufunga kamba za kiatu.

Nami niliimba besi miaka kumi na tisa, kabla sijaketi kwenye benchi hili. Bi Ardith aliniambia mbele za watu kwamba naburuta wimbo, nikafunga kitabu nikatoka, na ushemasi nikauacha kwa aibu hiyo hiyo. Wenzangu wawili wa besi wakanifuata kwa kunionea huruma, na besi wa mwisho aliyebaki ndani akafa mwezi wa nne. Viti vile ni mimi niliyeviondolea watu, kwa kiburi changu tu. Na kweli nilikuwa naburuta.

— Besi, nikasema.

— Wewe? akaruka Jenereta. Tangu lini?

— Tangu kabla hujavuta huo waya wako.

Leta hakuuliza zaidi. Alitoa sauti ya kuanzia kwa koo lake lililokauka, nami nikaingia chini yake, fa, so, la, kama tunavyoanza kabla ya maneno. Sauti yangu ilikwaruza, kisha ikafunguka. Barazani pa Nyumba ya Udugu kijana mmoja, miguu mitupu, bakuli mkononi, akainua kichwa, akanifuata. Akakosea. Nikairudia ile noti kwa nguvu, akaipata. Dirisha la juu likafunguka, wakatokea wawili, watatu, na Pango, ambaye hajui hata noti moja, akasimama akaanza kunguruma pembeni yangu.

Leta akaingia katikati ya barabara akainua mkono kupiga mapigo. Magari yakasimama pande zote mbili, na hakuna aliyepiga honi.