Udi Kwenye Unga wa Shemsa

Kijiwe chetu cha Chumbageni kina benchi moja tu, na bado kila mtu pale ana cheo. Mzee Uweso ni Profesa, kwa kuwa aliwahi kufagia maabara kule Amani, na tangu hapo hakuna asilolijua. Rahimu muuza kahawa tunamwita Breki. Aliacha zamani kuendesha lori, ila akishtuka bado anakanyaga chini. Mimi kazi yangu kutafuna kashata na kusikiliza. Asubuhi ile saa mbili akaja Bwana Amur, kanzu imenyooka, uso umemshuka. Binti yake Shemsa anasomea kemia, na saa nane mchana wageni walikuwa waje chuoni kuutazama unga aliotengeneza. Wakiukubali, wanamlipia amalize masomo. Mtaa mzima tulikuwa tunajua.

— Nimemharibia mwanangu, akasema Amur. Wallahi nimemharibia.

— Umefanya nini tena? akauliza Breki, huku anammiminia kikombe.

— Ule unga uko kwenye chupa. Kaniambia, baba, usifungue. Nikafungua.

— Ukauonja!

— We Breki! Nimeufukiza udi.

Kashata ikanikwama. Nyumbani kwa Amur hakitoki kitu kwenda kwa wageni bila udi, iwe nguo, iwe mto, iwe bahasha ya mwaliko.

— Kwani unga wenyewe wa nini? akauliza Breki.

— Anachanganya chumvi ya madini na asidi, anapika kwenye chombo kilichofungwa, usiku na mchana. Zinatoka chembechembe zenye vitundu, jicho halivioni. Halafu anazipasha moto tena mpaka vitundu vibaki vitupu. Ile hewa chafu ya madohani ya viwanda ikipita, inanasa humo.

— Na sasa vimejaa udi, akasema Profesa.

— Chetezo kimefuka, chumba hakikunukia hata chembe! Udi wote umeingia mle.

— Mashallah, si unafanya kazi basi! Breki akapiga paja. Umemfanyia majaribio bure.

— Usinicheke, Rahimu. Miezi minane kauhangaikia. Naogopa hata kumtazama usoni.

Profesa akakohoa, na akikohoa hivyo ujue mhadhara umeanza.

— Jambo dogo hilo. Amani tulikuwa tunaanika. Tandaza jamvi, mwaga unga, jua la saa nne litautoa udi wote.

— Na upepo? nikauliza.

— Utakaa juu yake wewe.

— Mimi nasema ndimu, akadakia Breki. Ndimu inakata shombo ya papa, itashindwa na udi?

— Ndimu ina maji, mwanangu atanikana!

— Basi tuufunge kwenye ekzosi ya lori la shemeji. Moshi wa dizeli una nguvu, udi utatoka wenyewe.

— Nyie hamna akili, akasema Profesa. Tuwafukize wageni. Wakinukia wote, nani atajua unga umenukia?

Hata Amur alicheka. Kicheko kilimkauka alipomwona Shemsa anakuja mbio, ushungi umemwenda upande, chupa mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu, sauti za chini kweli.

Amur akasimama.

— Mwanangu, ni mimi. Nilitaka upendeze mbele za watu.

— Najua, baba. Nani mwingine?

Alitabasamu kidogo, lakini macho yalikuwa mekundu. Akatoa daftari mkobani.

— Nikiupasha moto sasa hivi, huenda udi ukatoka kabla ya saa nane. Ila lazima nijue umeingia kiasi gani. Kifuniko kilikuwa wazi dakika ngapi?

Udi unauweka, unakwenda zako, kaa likizima umekwisha; nani ameutazamia saa? Amur akamgeukia Profesa, utadhani alikuwapo chumbani. Profesa akamtazama Breki. Breki akaanza kufuta vikombe ambavyo vilikuwa safi, nami nikajifanya nina kashata mdomoni. Shemsa alikuwa bado anasubiri, kalamu juu ya karatasi.