Nyanya Nilizozifungia kama Tumbaku

Bwana asifiwe, wapendwa. Mwangaluka nyote. Kusimama hapa na kusema bila kukohoa, kwangu hiyo tayari ni kazi ya Mungu.

Nimelima tumbaku tangu ujana, huku Kipalapala, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu zetu walikuwa wapagazi. Kubeba tunajua, kutua ndiko kunatushinda. Mimi nilitua baada ya kifua kunikatalia. Daktari alisema moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, umeniharibia mapafu, na nikirudi humo nitakufa. Mke wangu akanishika mkono nje ya hospitali. "Baba Neema, mimi sitaki ujane. Tafuta kazi nyingine."

Nyingine ipi? Sikuijua. Niliogopa, ndugu zangu, sitawaficha.

Basi tukajenga kibanda cha nyanya, maana mvua za huku huziozesha. Tulikata fito porini, tukazichomeka huku na huku, tukazikunja zikawa matao, tukafunga kwa mipira ya tyubu kuukuu za baiskeli. Juu tukatandaza nailoni. Jirani alipita akauliza kama nimehamia kwenye chandarua. Lakini ndani, jamani, mwanga ulikuwa mweupe, laini, hujui ni asubuhi au alasiri. Mvua unaisikia inapita juu yako kama iko mbali, na wewe mkavu, miche inatikisika kidogo tu. Nilikaa humo hadi nikasahau kula.

Kumbe mazoea yana tabu. Bani tunaliziba kila tundu, joto lisitoroke. Nami nikaziba: udongo chini, matambara mlangoni. Najiona fundi! Nyanya zikachanua, kisha maua yakadondoka, majani yakajikunja. Nikaziba zaidi. Mwisho nikamtumia kaka yangu, ambaye bado analima tumbaku, ujumbe kwamba narudi kwenye bani.

Mchana huohuo niliingia kuomba. Nikapiga magoti katikati ya ule weupe, na kabla sijasema neno kifua kikabana. Nikatambaa, nikachana nailoni ya ubavuni kwa mikono, nikatoa kichwa nje. Upepo ukaingia. Nikalala pale, nusu ndani nusu nje, nasikia majani yanachezacheza nyuma yangu. Ndipo moyoni nikaelewa: tumbaku iliyochumwa hufungiwa ikauke, lakini nyanya iko hai, inahema kama mimi.

Tangu siku ile nakunja nailoni pande zote asubuhi, naishusha jioni. Maua mapya yalishika. Mama Neema alipochuma nyanya ya kwanza alilia, akaikata, akanipa nusu. Kaka nikamwambia siji.

Namshukuru Mungu, na ninyi mlioniombea. Ndugu yangu uliyeziba kila tundu kwa ujuzi wako mwenyewe, mfungulie Bwana hata upande mmoja. Usingoje uwe na imani kubwa. Mimi sikufungua kwa imani, nilifungua kwa kuogopa kufa, na bado akaingia.